Risiti Zilipokuwa Zetu

Baba alizitunza risiti zake katika bahasha ya kaki, ndani ya sanduku la bati ambalo ufunguo wake mama aliufunga kwenye pindo la kanga. Fedha hazikukaa humo. Ilikaa hati ya kiwanja, kadi za kliniki za watoto wote, barua za ajira yake ya bandarini, na hizo karatasi za madukani: ya cherehani, ya baiskeli, ya karabai, ya redio. Ya redio ndiyo niliyoijua kuliko zote, maana Kiingereza changu cha kwanza nilikisomea juu yake. Ilikuwa na jina la duka na sanduku la posta, jina la baba kwa ukamilifu, aina ya redio, namba iliyogongwa mgongoni mwake, bei kwa shilingi na senti, na mstari mmoja uliosema kwamba chombo hiki kimedhaminiwa kwa miezi 12. Sahihi ya mwenye duka ilipita juu ya stempu ya serikali, nusu yake kwenye stempu na nusu kwenye karatasi. Nakala ya kaboni ilibaki dukani.

Ni Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi tulikaa Ngamiani, na duka lilikuwa mjini, ng'ambo ya reli. Masika moja redio ikaanza kukwaruza, kisha sauti ikawa inakuja na kupotea, na usiku mmoja ikakata kabisa katikati ya matangazo ya vifo ya Redio Tanzania. Kijana wa leo ataona ni jambo dogo. Wakati ule nusu ya mtaa ilisikilizia vifo barazani kwetu, na mtu aliweza kukosa maziko ya ndugu yake wa Korogwe kwa sababu ya waya mmoja ulioachia.

Asubuhi yake baba aliiviringisha redio kwenye shuka, akaifunga nyuma ya baiskeli, akanipa bahasha niishike. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kibohora, mwenye kofia nyeupe yenye uzi wa dhahabu. Alikuwa akimwita baba kwa kazi yake.

“Karani, imekuwaje?”

“Imenyamaza.”

Akavuta kitabu cha kaboni, akafunua mpaka akaufikia ukurasa, akaigeuza redio, akalinganisha namba. Ikalingana. Hakumwuliza baba kama aliiangusha, wala kama watoto waliichezea, wala kama aliweka betri mbovu. Alimwita fundi wake kutoka chumba cha nyuma, maana kuyajua hayo ilikuwa kazi ya fundi. Kisha akashusha redio ndogo ya mkono kutoka rafu ya juu: “Sikilizia hii mpaka yako iwe tayari.” Tulipoifuata yetu hatukulipa kitu. Alichofanya mzee yule ni kuigeuza risiti ya baba na kuandika nyuma yake, kwa kalamu, kilichobadilishwa ndani ya redio na tarehe, akatia sahihi tena.

Sitaki kumpamba. Alikuwa wakala, na kampuni iliyotengeneza redio ile ndiyo iliyobeba gharama ya matengenezo, hakuitoa mfukoni. Baba alikuwa mtu wa mshahara, anayefahamika, anayepita mbele ya duka kila siku akienda kazini. Niliona pia, duka hilohilo, mkulima aliyeteremka kutoka upande wa Muheza na karabai iliyokuwa ikivuja mafuta tangu siku aliyoinunua. Hakuwa na karatasi. Alieleza kwa unyenyekevu mkubwa, akasikilizwa nusu, akaambiwa taa ni kutunza. Alirudi nayo kama alivyokuja. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba baba hakuhudumiwa kwa sababu ana haki. Alihudumiwa kwa sababu ana jina, na jina lake liko ndani ya kile kitabu. Hata hivyo kitabu kilikuwapo, na aliyekuwa na nusu yake mkononi aliweza kumfanya mwenye nusu nyingine aifungue.

Na wakati huo vitu vingi vilikuwa na kwao. Philips waliunganisha redio Arusha. National waliunganisha za kwao Dar es Salaam, barabara ya Pugu, na betri wakatengeneza hapohapo. Viatu vilitoka Bora, baiskeli ikawa Swala, na kanga na vitenge vilitoka Urafiki, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Havikuwa vitu bora kuliko vyote duniani. Lakini kitu kikikushinda, ulijua kimetoka mji gani na mtaa gani, na ofisa biashara wa wilaya aliweza kuandika barua ikafika mahali ikasomwa. Mwaka 1975 ikatungwa sheria ya kuanzisha chombo cha viwango, ambacho tangu 1977 kinaitwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kwa miaka ile ilikuwa kazi inayowezekana: viwanda vilihesabika, na meneja wa kila kimoja alijulikana anakokaa.

Kisha vitu vikaadimika.

Wanaosimulia zama za zamani huwa wanaruka hapa. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa kampuni za biashara za mikoa, zile tulizoziita RTC, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili nafasi ishikwe na ya ushirika. Vikaja vita vya Kagera, mafuta yakapanda, fedha za kigeni zikaisha, viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ilikuwa ya mgao, na mtu aliyekuwa na shati jipya aliulizwa amelipata wapi kabla hajasalimiwa. Mama alisimama foleni tangu alfajiri katika duka la ushirika akapata sufuria. Nyumbani, alipoijaza maji, tukaona tone linakua kwenye tako la sufuria. Tundu lilikuwa dogo kama la sindano.

Mama hakuirudisha. Nilitaka tuirudishe, nikiwa na redio ya baba kichwani, naye akanieleza jambo ambalo hakuna kitabu cha sheria kilichonieleza vizuri kuliko yeye: nyuma yake kwenye foleni palikuwa na wanawake ambao wangeipokea sufuria ile pamoja na tundu lake na kushukuru. Angeirudisha, asingepewa nyingine, maana nyingine haikuwapo. Angepewa fedha zake, na fedha ndicho kitu pekee ambacho hakikuwa adimu. Akampelekea fundi wa bati, ikazibwa, tukaula ugali wake miaka mingi. Tena kulikuwa na yale mauzo ya kubandikana, unapewa sukari kilo moja kwa sharti la kununua kitu ambacho hukukitaka. Nani angethubutu kusema kwamba kile cha pili ni kibovu?

Kwa hiyo ninapokumbuka kile kitabu cha kaboni, simaanishi kwamba zamani ilikuwa njema moja kwa moja mpaka siku moja ikaharibika. Kudai kunahitaji kuwe na kitu cha kubadilishiwa. Tulikuwa na kipindi kifupi cha kudai, kikafuatwa na kirefu cha kushukuru kwa chochote, na nadhani hicho kirefu ndicho kilichotufundisha adabu tuliyonayo mpaka leo mbele ya muuzaji.

Tangu 1984, waliokuwa na fedha za kigeni za kwao walipoanza kuruhusiwa kuagiza bidhaa, na hasa baada ya Rais Mwinyi kuingia Ikulu mwaka uliofuata, mambo yakafunguka. Dawa ya meno, vitenge vya nje, redio kaseti, mitumba. Wengi wetu tulilia kwa furaha, na sina neno baya juu ya furaha ile. Mitumba nayo ilikuwa na uaminifu wa aina yake: umelichagua mwenyewe, umelinyoosha juani, umeona kifungo kilichokosekana, bei imekubali kosa hilo. Anayeumia pale ni yule mama anayenunua balo zima limefungwa, hajui ndani mna nini.

Sasa niseme la friza, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mdogo wangu ni mjane, anakaa Mbagala. Alichanganya fedha za mchezo na mkopo wa kikoba akataka friza la kuuzia barafu, juisi ya ukwaju na samaki. Nilimsindikiza Kariakoo. Kijana wa dukani alikuwa hodari na mwenye heshima: alilichomeka kwenye umeme, taa ikawaka, akatusubirisha kwa soda, kisha akasema, “Mama, gusa hapa.” Palikuwa na ubaridi. “Mmejaribu wenyewe, mmeona wenyewe.” Tukalipa, likapandishwa kwenye kirikuu, mdogo wangu akakaa mbele na dereva akiwa na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu kufiwa kwake.

Halikumaliza mwezi wa pili. Lilikuwa linaunguruma usiku na mchana na maji hayagandi. Siku harufu ya samaki ilipotoka hadi kwa majirani, alinipigia simu akaniambia tu nije.

Tukakodi kirikuu kingine. Dukani yuleyule kijana, heshima ileile, lakini maswali yalikuwa yamegeuka. Umeme wa kwenu Mbagala si ni mdogo? Stabilaiza mnayo? Mbona hii stika imenyanyuka pembeni, nani alifungua? Mlilisafirisha limelala? Kila swali lilimtaka mdogo wangu ajitetee juu ya jambo asilolijua, naye alijitetea, kwa sauti iliyozidi kupungua. Nilipoingilia, akanigeukia kwa upole: “Mzee wangu, mimi nauza tu, sitengenezi.” Kisha akaomba risiti.

Mdogo wangu aliitunza risiti ile vizuri kama baba alivyotutunzia za kwake, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya pochi. Akaitoa. Ilikuwa nyeupe. Zile karatasi za mashine huandikwa kwa joto na hufutika kwa joto, na Dar es Salaam joto halina siku ya mapumziko. Jina la duka limekwenda, tarehe imekwenda, bei imebaki kivuli. Kitu kimoja tu kilisomeka kwa ukamilifu, kwa sababu kiligongwa kwa muhuri wa wino wa bluu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Na hata kabla ya kufutika, haikuwahi kusema friza. Niliisoma siku ya kununua. Iliandika “bidhaa mchanganyiko” na jumla ya fedha. Aina hakuna, namba ya kiwandani hakuna, jina la mnunuzi hakuna. Kadi ya waranti iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa na jina la kampuni lisilo na mtaa wala mji, na namba ya simu isiyopokelewa.

Mashine za risiti za kodi zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Tumeimbiwa tangu hapo tukiuza tutoe risiti, tukinunua tudai risiti, na ni wito wa haki, kwa sababu barabara na zahanati hujengwa kwa kodi. Lakini katika miaka yote hii ni mara chache nimesikia mnunuzi akiambiwa kwamba karatasi ile ni ushahidi wake mwenyewe. Mashine inatuma taarifa za mauzo kwenda Mamlaka ya Mapato papo hapo. Serikali inabaki na nakala isiyofutika, na mjane wa Mbagala anabaki na kipande cheupe. Risiti ya baba iliandikwa kwa ajili ya watu wawili, aliyeuza na aliyenunua. Hii ya sasa imeandikwa kwa ajili ya mtu wa tatu.

Fundi wa mtaani kwao alilifungua friza. Alituonyesha kompresa iliyopakwa rangi nyeusi mpya juu ya kutu ya zamani. Lilikuwa limeshafanya kazi yake mahali pengine, kwa watu wengine, kabla halijawekwa kwenye boksi jipya.

Yaliyonichoma zaidi niliyajua baadaye, nilipokaa na kijana wa jirani anayesomea sheria akanisomea. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko katika vitabu vyetu tangu enzi za ukoloni, nayo ilichukuliwa kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Inasema kwamba mfanyabiashara anapouza bidhaa za aina anayoshughulika nayo, yako masharti yanayoingia katika mauzo hayo hata kama hakuna aliyeyatamka. Kitu kilingane na kilivyoelezwa. Kiwe na ubora wa kuuzika. Na kama mnunuzi alimweleza muuzaji anakitaka kwa kazi gani, akautegemea ujuzi wake, basi kiifae kazi hiyo. Mdogo wangu alisema wazi: barafu, juisi, samaki. Lile swali la nani alikitengeneza halimo. Anayewajibika kwanza ni aliyekuuzia.

Na ule mtindo wa “mmejaribu wenyewe” una mahali pake ndani ya sheria hiyo, ila si pale wanapotaka kuuweka. Ukikikagua kitu, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wa namna ile ulipaswa kuionyesha: mlango uliobonyea, rangi iliyochubuka, taa isiyowaka. Kasoro iliyojificha ndani ya chuma bado ni ya muuzaji. Hakuna mtu anayefungua kompresa dukani Kariakoo huku akinywa soda. Mtindo ule, ambao tumeuzoea mpaka kwenye balbu na chaja ya simu, umetufanya tuamini kwamba tukivuka kizingiti cha duka tumeacha haki zetu ndani.

Hata ule muhuri wa bluu hauna nguvu tunayoidhani. Kweli, sheria ile ya kale iliacha mlango: pande mbili zikipatana waziwazi, masharti yake yanaweza kuondolewa. Lakini karatasi unayokabidhiwa baada ya kulipa si mapatano. Mahakama za Uingereza, ambako sheria yetu ya mikataba imechota mengi, zilikwisha amua zamani kwamba sharti linaloletwa mkataba ukiwa umeshafungwa halimfungi mtu. Kisha ikaja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ikamtaja mlaji kwa jina lake, ikaweka masharti katika mikataba yake, wajibu wa watengenezaji na usalama wa bidhaa, na ikaunda Tume ya Ushindani, FCC, ambako mtu anaweza kupeleka malalamiko. Yapo na mambo ya kuangalia: ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema, unaweza kupoteza haki ya kukirudisha na kubaki na ya kudai fidia tu. Ndiyo maana siku ya kwanza ya hitilafu ni siku ya kuandika, si ya kusubiri.

Nilimwuliza yule kijana, haya yote yalikuwa wapi wakati ule mkulima wa Muheza anarudishwa na karabai yake? Yalikuwapo. Yalikuwa kwa Kiingereza, ndani ya juzuu zilizokaa mahakamani na katika ofisi za mawakili. Ni mwaka 2021 tu Bunge lilipopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mtu yule alikuwa na haki iliyo sawasawa na ya baba, na hakuna aliyemwambia kwa lugha aliyoielewa. Nikimkumbuka sasa naona aibu kwa niaba ya nchi nzima.

Kuna tukio moja ambalo kila Mtanzania analikumbuka. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu feki. Miezi kabla ya hapo tulifundishwa kubonyeza *#06# na kupeleka namba tuliyoiona kwenda 15090 ili kujua simu zetu ni halali au la. Kenya walikuwa wamefanya zoezi kama hilo mwaka 2012. Lengo lilikuwa zuri, simu zile ni hatari kwa afya na kwa mtandao. Lakini tazama ni nani aliyezimiwa. Aliyeziingiza bandarini alikuwa ameshauza. Aliyeziuza dukani alikuwa ameshapokea fedha. Aliyekuwa nayo mkononi saa sita usiku ni muuza mchicha aliyedunduliza akainunua kwa nia njema, kwenye duka lenye leseni, na ndiye peke yake aliyeamka na kitu kilichokufa. Wangapi walirudi madukani wakadai fedha zao? Waliojaribu katika mtaa wangu walijibiwa kwa lile jibu la “nauza tu.”

Nimemfikiria sana kijana yule wa Kariakoo, na sidhani ni mtu mbaya. Fremu ile ni ya kupanga, kodi hulipwa miezi mingi kwa mkupuo, na mali anachukua kwa mwenye stoo ambaye naye amechukua kwa anayesafiri Guangzhou na Yiwu. Maboksi ya leo si ya mwezi ujao. Akilipokea friza bovu, yeye atalirudisha kwa nani? Watu husema ni ubovu wa Mchina, nami siukubali mkato huo. Viwanda hivyohivyo vinatengeneza vyombo vinavyodumu kwa wanaoagiza vinavyodumu. Anayekwenda kule na kuagiza kwa bei ya chini kuliko zote, au kununua vilivyokwisha tumika na kuvifungia upya, ni mwenzetu, anatujua kwa majina ya mitaa yetu. TBS tangu mwaka 2012 inataka bidhaa nyingi zikaguliwe hukohuko zinakotoka kabla ya kupakiwa, na bado zinazopenya zinapenya. Sheria imemshika muuzaji wa mwisho kwa sababu nzuri: yeye anamjua aliyemuuzia, na huyo anamjua wake. Mnunuzi hamjui yeyote. Mzigo ukimwangukia asiyemjua mtu, unaishia hapo. Ukirudishwa kwa muuzaji, una njia ya kupanda juu, duka kwa duka, mpaka umfikie aliyechagua kompresa yenye kutu.

Wenzetu Kenya waliliweka jambo hili ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 46: mlaji ana haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro zake. Muhimu zaidi kwangu ni kwamba wametunga sheria ya mahakama za madai madogo, na mwaka 2021 ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja za kwao, mtu ajisemee mwenyewe akitaka, uamuzi utoke ndani ya siku 60. Sijifanyi kwamba kila kitu huko kinakwenda hivyo kila siku. Ila natamani meza ya namna hiyo iwekwe Kariakoo, ghorofa yoyote, karibu na ngazi, ambako mama mwenye chaja iliyoungua anaweza kupanda nayo na kuteremka na jibu. Na pamoja nayo natamani sharti moja dogo lisilohitaji mtaalamu: mashine ya risiti isikubali “bidhaa mchanganyiko” kwa kitu chenye namba ya kiwandani. Iandike friza. Iandike namba.

Niliandika malalamiko kwa Tume kwa mkono, kurasa mbili, nikaambatisha picha alizopiga fundi na ujumbe wa simu wa malipo, ambao kwa bahati ulikuwapo na ulionyesha jina la duka, kiasi na tarehe. Kabla ya kuyapeleka tulipita dukani tukampa kijana asome. Alisoma mpaka mwisho, akaomba dakika tano, akapanda ghorofani kwa wenye mali. Aliporudi alisema watatoa nusu ya gharama ya kompresa nyingine, na sisi tutoe nusu.

Mimi nilikataa. Nilimwambia mdogo wangu tuna haki ya fedha zote, au friza jingine, na hasara ya samaki juu yake. Akanivuta pembeni, karibu na maboksi.

“Kaka, Ramadhani ni wiki ijayo. Mwezi ukiandama na friza liko uani kwa fundi, futari ya watu nitaigandishia wapi? Marejesho ya kikoba nitayatoa wapi?”

Alirudi akakubali. Nilimwona akihesabu noti juu ya kaunta, akilipia mara ya pili ubaridi aliokwisha kuulipia siku alipolinunua.